Saa, Simu na Ukuta wa Jirani

Hakuna saa ya mkononi iliyowahi kujitegemea. Saa za wazee wetu, zile za kutiwa ufunguo kila asubuhi, zilikwenda kwa springi na magurudumu yake, lakini hazikuujua wakati. Zilikuwa na mwendo tu. Wakati ulitoka nje, na kwa miaka mingi katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, ulitoka redioni. Sauti ya Kenya, kama idhaa ya taifa ilivyoitwa tangu 1964 hadi iliporudia jina la KBC mwaka 1989, ilitoa milio mifupi kabla ya taarifa ya habari, na mlio wa mwisho ndio uliokuwa saa kamili. Kabla ya hapo mzee alikuwa amekwisha kukivuta kichwa cha saa kwa ukucha, mshale mrefu umesimama penye kumi na mbili, anangoja. Mlio ukisikika, anakisukuma ndani. Saa imesahihishwa, inaweza kuendelea kukosea polepole hadi wiki ijayo.

Ninachotaka kukishika katika kumbukumbu hiyo ni ukuta. Jericho, Maringo, Bahati, Kaloleni: hizi ni nyumba za kanjo, zilizojengwa kwa safu kwa ajili ya wafanyakazi wa mji, na safu maana yake ni kwamba ukuta wako ndio ukuta wa mwenzako. Redio ya nyumba moja ilisikika katika nyumba tatu. Mwenye saa hakuhitaji kuwa na redio, wala kumjua mwenye redio, wala kumwomba ruhusa. Alihitaji kunyamazisha watoto kidogo inapofika saa moja jioni. Na redio yoyote ilitosha: ya jirani, ya kinyozi, ya muuza duka pale kwenye kona. Ikiharibika ya huyu, ya yule inaendelea kulia.

Saa za betri hazikulibadilisha sana jambo hilo. Casio F-91W, iliyotoka mwaka 1989 na ambayo kizazi changu kiliivaa shuleni kwa fahari kubwa, huteleza kwa takriban sekunde 30 kwa mwezi, na betri yake hukaa miaka saba hivi. Ilihitaji kusahihishwa mara chache kwa mwaka, na yeyote mwenye wakati sahihi alikufaa.

Leo mambo ni mengine. Saa janja inayouzwa Luthuli Avenue kwa shilingi elfu mbili au tatu, na ambayo jioni utaiona ikiwaka mikononi mwa abiria wa matatu za namba 58 wanaorudi Buruburu, huegemea kitu kimoja tu duniani: simu moja, ya mtu mmoja, iliyokubaliwa siku ya kwanza. Itoe kwenye boksi uiwashe. Wakati inaokuonyesha ni wa kubahatisha, na zilizo nyingi hazitakuruhusu kwenda mbali kabla hujaskani msimbo wa miraba ulio kwenye kioo na kupakua programu kwenye simu. Programu ni Da Fit, au FitPro, au ile ya Oraimo kama saa ni ya Oraimo. Ukimaliza, mishale inaruka ghafla mahali pake. Simu imeipa saa wakati, simu yenyewe ikiwa imeupata kutoka kwa mtandao.

Kinachopita kati yao ni redio pia, redio ndogo sana. Bluetooth ilianza kubuniwa Ericsson, nchini Uswidi, mwaka 1994. Ile aina yake inayotumia umeme kidogo, iliyoingia na toleo la 4.0 mwaka 2010, ndiyo iliyoziwezesha saa hizi kukaa siku kadhaa bila chaja. Ina mikondo 40. Mitatu kati ya hiyo imetengwa kwa kujitangaza: saa isiyo na simu hupaza jina lake kwenye mikondo hiyo mitatu, tena na tena, kwa yeyote aliye karibu. Simu ikiitika, hupeana funguo za siri, kisha mazungumzo huhamia kwenye mikondo 37 iliyobaki, yakiruka kutoka mmoja hadi mwingine ili yasigongane na ya wengine. Tangu hapo saa nyingi hunyamaza. Ndiyo maana mtu akiazima saa ya ndugu yake na kuitafuta kwa simu yake mwenyewe, haioni kabisa, ilhali imo mkononi mwake. Inaongea na simu iliyo chumba cha pili.

Hustaajabia jambo hili zaidi nikiwa kwenye matatu. Abiria wamejaa, wengine wamesimama wameinama chini ya paa, simu ziko mifukoni, kwenye pochi, nyingine zimekaliwa kwa sababu ya wezi. Katika msongamano ule kila saa inaitambua simu yake na kuziacha nyingine zote. Hakuna anayesikia mapigo ya moyo ya mwenzake. Hilo ni jema, wala silidharau. Mwili wa mtu si taarifa ya habari ya kupitishwa ukutani. Lakini siri hiyo inalindwa hewani tu. Ujumbe wa M-Pesa ukiingia, saa hutetema na kuufungua juu ya mkono uliokamata chuma, pamoja na jina la aliyetuma, kiasi na salio lililobaki, mbele ya macho ya kila aliye kando. Programu nyingi zina sehemu ya kuchagua jumbe za aina gani zifike kwenye saa. SMS, ambazo ndizo huleta za M-Pesa, ningeziondoa leo.

Na ujumbe huo saa inauonyesha tu. Kutuma pesa haiwezi. Nambari ya siri inaingizwa kwenye simu na kupita katika laini ya simu. Saa inayopokea simu nayo ni kipaza sauti na spika, kredo inayokwenda ni ya simu iliyo mfukoni. Hali ya hewa ni ya simu. Njia uliyopita ukikimbia Jumamosi asubuhi, kwa saa za bei hiyo, kwa kawaida ni simu inayoichora, kwa sababu saa haina kipokezi cha setilaiti. Cha saa yenyewe ni kidogo: kipima mwendo kinachohesabu hatua, taa ya kijani inayomulika ngozi ili kusoma mapigo ya damu, na kumbukumbu ya siku chache ambayo inangoja kumiminwa kwenye simu.

Kuna wanaosema dawa ni kununua saa yenye laini yake. Zipo, Apple ilitoa yake ya kwanza ya aina hiyo, Series 3, mwaka 2017. Lakini hata hiyo huanzishwa kwa iPhone, na bei yake haiongelewi kwa elfu mbili.

Mita kumi ndizo husemwa kuwa urefu wa kamba hii isiyoonekana kati ya saa na simu. Hizo ni mita za uwanjani. Pipeline, kule Embakasi, ghorofa zimepandana mpaka jua halifiki kwenye vichochoro, na kila mlango una Wi-Fi inayotumia masafa yale yale ya 2.4 GHz. Zege inakata mawimbi. Hata mwili unayakata, kwa kuwa maji huyameza, na sisi ni maji mengi. Simu ikiwa mfuko wa nyuma wa kulia na saa mkono wa kushoto, wakati mwingine hupotezana. Mtu akiacha simu ikichajiwa ghorofa ya sita, akashuka kununua sukuma wiki, amefika ya nne au ya tatu saa imebaki peke yake mkononi. Wengi hawatambui. Wanatambua wakirudi, saa inapotetema kwa mfululizo, jumbe zote za robo saa zikiingia kwa pamoja.

Saa nyingi pia hutetema mara moja pale simu inapotoweka. Watengenezaji waliweka tahadhari hiyo kwa ajili ya mtu anayesahau simu mezani, hotelini. Nairobi imepata matumizi mengine. Ukiwa Muthurwa, kwenye ule umati wa saa kumi na mbili jioni, au ukisukumana mlangoni mwa gari, mkono ukitetema na kioo kikaonyesha alama ya kukatika, simu yako inaondoka na mtu mwingine na sasa amefika mita kadhaa. Wapo waliogeuka haraka wakamkamata kijana begani. Walio wengi waligeuka wakaona migongo tu. Saa imejua kabla ya mwenyewe, na ujuzi huo ndio wa mwisho iliokuwa nao, maana kuanzia dakika hiyo haina tena pa kuuliza chochote.

Yanayofuata niliyaona kwa fundi wa simu pale Mutindwa, kibanda chenye nafasi ya viti viwili. Alikuja mama wa umri wa kustaafu, saa nyeusi mkononi, simu mpya kwenye mfuko wa nailoni.

"Kijana wangu, hii saa imekataa kushikana na simu."

"Karibu, mama. Ile simu ya kwanza iko wapi?"

"Walinipora."

"Pole sana. Nani aliiunganisha na saa?"

"Kifungua mimba wangu. Ndiye aliyeninunulia."

Fundi aliigeuza, akafungua mipangilio yake, akatikisa kichwa. Saa ilikuwa imefungwa kwa akaunti iliyokuwa kwenye simu ya zamani, akaunti ambayo mama hakuijua hata jina. Akamweleza kwamba anaweza kuifuta yote ianze upya, lakini hesabu zitapotea.

"Hesabu gani?"

"Hatua, mama. Zile ulizotembea."

Mama akakaa kwenye kiti cha pili. Alieleza kwamba kliniki walimwagiza atembee kila siku kwa sababu ya presha, na alikuwa amezunguka Umoja yote, mpaka Innercore na kurudi, tangu mwanzo wa mwaka. Alitaka daktari azione siku hizo zikiwa zimepangwa. Fundi akamwambia kwa upole kwamba zilizo kwenye saa ni za siku chache tu, nyingine ziko kwenye ile akaunti. Mama alifikiri kidogo, kisha akasema, "Futa basi." Haikuchukua hata dakika moja.

Sikuweza kuliacha jambo hilo lipite. Saa ilikuwa nzima. Kioo hakina mkwaruzo, betri imejaa, mkanda uko sawa. Mkono uliotembea ulikuwa pale pale. Kilichoibwa ni kitu kingine kabisa, na bado miezi ya jasho la mama huyu iliondoka nacho. Wakati ule mzee wa Jericho akiibiwa redio, saa yake haikupoteza kitu. Angesikiliza ya jirani. Mama wa Umoja amezungukwa na simu mamia katika ploti moja, na hakuna hata moja ambayo ingeweza kumsaidia.

Watu wangu wa Eastlands hawana haya ya kuegemeana. Tumelelewa kwa bomba moja la maji kwa safu nzima, kwa mita moja ya stima iliyogawanywa na vyumba vinane, kwa chumvi ya jirani na mtoto aliyeachwa kwa jirani. Kwa hiyo siwezi kuilaumu saa kwa kuwa tegemezi. Swali langu ni inategemea nini, na nani aliamua kwamba iwe hicho peke yake. Mawimbi yenyewe hayakuamua. Mkondo wa Bluetooth haujui simu imetengenezwa na nani. Lakini saa ya Apple haikubali simu ya Android hata kidogo. Samsung, tangu Galaxy Watch4 ya mwaka 2021, haikubali iPhone. Saa zinazotumia mfumo wa Google zilikuwa zinalazimika kufutwa kabisa kila ukibadilisha simu, mpaka toleo la Wear OS 4 la mwaka 2023 lilipolegeza. Kwa muda wote huo, mamilioni ya watu walifanya kile alichofanya mama, na wengine waliacha tu saa kwenye droo.

Simu nayo ina pake pa kuegemea. Wengi mtaani wamepata simu janja yao ya kwanza kwa kulipa kidogo kidogo. Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, kuanzia shilingi 20 kwa siku. M-Kopa, iliyoanza na taa za sola, nayo huuza simu kwa malipo ya kila siku. Mpango wa aina hiyo umewafungulia mlango watu ambao hawangewahi kuweka elfu kumi mezani kwa mara moja, na nauheshimu. Sharti lake ni kwamba malipo yakikatika simu hujifunga mpaka ulipe. Kijana wa mkokoteni Gikomba akikosa kazi siku kadhaa, simu inafungwa, na saa aliyonunua kwa akiba yake, ambayo haina deni la mtu, inakosa pa kuulizia. Ukiufuata mnyororo huo kutoka kwenye kifundo cha mkono utaishia mbali sana na Jogoo Road: kwenye laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho, kwenye minara, kwenye stima, kwenye deni, kwenye kompyuta za kampuni isiyojua Kayole iko upande gani.

Na kompyuta hizo huweza kuzimwa. Pebble ilikuwa saa iliyopendwa sana, iliyochangiwa na watu kwenye Kickstarter mwaka 2012. Kampuni ilifungwa mwishoni mwa 2016, mali yake ikanunuliwa na Fitbit, na tarehe 30 Juni 2018 kompyuta zilizokuwa zikiihudumia zikazimwa. Saa zilikuwa nzima mikononi. Wapenzi wake walijipanga, wakajenga huduma yao wakaiita Rebble, na saa zikaendelea. Wengine walikuwa wamekwisha kuanza Gadgetbridge, programu ya bure ya simu za Android ambayo inaongea na saa za kampuni nyingi bila kudai akaunti na bila kupeleka hatua zako popote; zinakaa kwenye simu, na unaweza kuzitoa ukaziweka pengine. Ni kazi ya watu wa kujitolea, wanaofuatilia saa moja baada ya nyingine kujua inavyoongea. Ningefurahi kuiona ikitajwa kwenye vibanda vya Mutindwa na Luthuli kwa jina.

Cha kusikitisha ni kwamba haikupaswa kuwa kazi ngumu hivyo. Wasimamizi wa Bluetooth wamechapisha zamani kanuni za wazi za kupeana wakati, ili simu yoyote iweze kuiambia saa yoyote kuwa sasa ni saa ngapi. Wamechapisha pia za mapigo ya moyo, na mikanda ya kifuani wanayovaa wakimbiaji huzitumia; ndiyo maana mkanda mmoja husomwa na simu ya Infinix, ya Tecno au ya Apple bila ugomvi. Lugha ya pamoja ipo. Watengenezaji wengi wa saa wameamua kuongea lugha zao za ndani, kwa sababu anayemiliki lugha ndiye anayemiliki kumbukumbu, na kumbukumbu ndiyo inayokurudisha dukani kwao.

Kwa upande wa kumbukumbu, Kenya haiko mikono mitupu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 38, inampa mtu haki ya kupewa data yake kwa mpangilio unaosomeka na mashine, na kuihamishia kwingine. Kifungu cha 4 kinaifanya sheria hiyo iwahusu hata walio nje ya nchi, maadamu wanashughulikia data ya watu walioko Kenya. Hakuna mahali inaposemwa kwamba lazima simu iliyoikusanya iwe bado iko mkononi. Akaunti aliyoifungua yule kifungua mimba bado iko, na hatua za Innercore ziko ndani yake. Nilimwambia mama ampigie mwanawe aulize barua pepe aliyotumia, kisha waiandikie kampuni wakikitaja kifungu hicho kwa namba, na wasipojibiwa wapeleke malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Fundi aliomba nimwandikie namba ya kifungu kwenye kipande cha boksi. Alisema wateja wa aina hiyo wanamjia kila wiki.